Jinsi ya Kuingiza Ushahidi Wodini Bila Kujeruhiwa

Umetoka kwenye mafunzo ya uuguzi wa saratani, cheti mkononi, unataka kuibadilisha wodi kabla ya mwisho wa mwezi. Pole. Soma haya kwanza.

Moja: mjue mpinzani wako. Ushahidi mzito kuliko wote hospitalini ni huu: "Hapa ndivyo tunavyofanya miaka yote." Hauna sampuli wala kundi la kulinganisha, na haujawahi kushindwa. Ukiusikia, usibishane mbele ya ndugu wa mgonjwa. Muulize sista, kwa adabu, nani aliuanzisha utaratibu huo. Mara nyingi alishastaafu.

Mbili: jihadhari na semina. Utapata soda, posho na picha ya pamoja. Bango litabandikwa ukutani. Kufikia Ijumaa ratiba ya zamu itakuwa imebandikwa juu yake.

Tatu: anzia kwenye ngozi. Yupo mgonjwa anayekatazwa kugusisha maji sehemu inayopigwa mionzi mpaka amalize matibabu. Tafiti zilishaonyesha kuwa kuosha taratibu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali hakuidhuru ngozi. Ila alama alizochorwa zisisuguliwe. Zikifutika, watu wa mionzi watakutafuta wewe.

Nne: barafu. Mgonjwa anayedungwa fluorourasili kwa mkupuo, akimung'unya vipande vya barafu kuanzia dakika 5 kabla ya sindano na kuendelea hadi nusu saa hivi, hupungukiwa na vidonda vya mdomoni. Gharama yake ni maji. Kikwazo ni friji ya wodi: ina samaki wa mkubwa fulani, na hakuna utafiti unaoeleza namna ya kuwahamisha. Wala usigawe barafu kama pipi za Idi. Anayetumia oksaliplatini, ubaridi humchoma vidole na kumkaba koo.

Tano: usihubiri, hesabu. Kila asubuhi kwenye ripoti, andika wangapi wana vidonda mdomoni na wangapi wameshindwa kumeza uji. Baada ya miezi kadhaa, mkabidhi sista inchaji daftari akalisome yeye kwenye kikao. Jina lako halitatajwa, lakini samaki watahama. Friji itatiwa kufuli na ufunguo utakaa kwa sista. Hakikisha tu kwamba, siku akienda likizo, zamu nzima inajua ufunguo ulipo.