Sanamu Ina Kichwa

Mgeni anayetafuta sanaa ya barabarani mjini Moshi huelekezwa kwenye mnara wa saa. Kwa miaka mnara huo umevishwa matangazo ya soda, hivyo aliyekwenda kutazama saa hurudi na kiu.

Wenye macho huenda Kiboriloni, sokoni kwa mitumba, ambako viwiliwili vya plastiki vimesimama juani bila vichwa, vimevalia makoti ya Ulaya. Hakuna anayeviita sanaa. Vinauza, basi.

Barabara inayopanda kutoka hapo hufika Tsuduni, Old Moshi, kwenye mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli, chifu wa Kichagga, na viongozi wenzake, tarehe 2 Machi 1900. Pana sanamu yake pale, kichwa na mabega. Kichwa chenyewe kinaaminika kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo umekuwa ukikidai kwa miongo. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba huko Berlin viliwapata jamaa wa mafuvu 3, likiwemo la Akida, mshauri wa Meli. La Mangi? Bado linatafutwa.

Si kwamba Wajerumani kutunza hawajui. Sanamu ya shaba ya gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyong'olewa Dar es Salaam na Waingereza, ilivushwa bahari hadi Hamburg. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1968; ikawekwa stoo, na mahali ilipo panajulikana. Huyo ni wa shaba, lakini.