Pua ya Difu

Anayekuuzia springi za kunyanyulia gari atakwambia kila kitu isipokuwa habari za propela shafti. Atakusifia chuma chake, atakuonyesha picha ya gari lililopanda jiwe, atakutajia na matairi ya kuvalisha baadaye. Shafti iko chini, chafu, wala hakuna anayeipiga picha.

Sikunyanyua gari kwa urembo. Shamba letu liko Kinole, kwenye Milima ya Uluguru, na masika yakikolea barabara hubaki mifereji miwili yenye mgongo katikati, mgongo unaokwangua tumbo la kila kinachopita. Land Cruiser yangu ni mkonga mfupi wa zamani, wenye springi za majani mbele na nyuma. Sentimita 10 zilitosha kuuruka ule mgongo. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nalia na kila kitu.

Kasheshe ilikuwa lami. Hadi spidi 60, gari halina neno. Ikigonga 75 sakafu inaanza kuvuma, kisha kiti, kisha meno. Kioo cha ndani kilinionyesha bodaboda wanne mahali palipokuwa na mmoja. Mke wangu alikuwa anajipaka wanja. Alishusha mkono taratibu, akanitazama kwa jicho moja lililokamilika, akauliza, "Baba watoto, hili gari umelinyanyua au umelitia homa?"

Kila Mtanzania ana dawa ya gari linalotetemeka, na dawa yenyewe ni balansi ya matairi. Jirani alisema balansi. Shemeji alisema balansi. Mlinzi wa benki, ambaye sikumwuliza, alisema balansi. Wangetulia wapige hesabu kidogo. Tairi la inchi 31, gari likiwa spidi 80, linazunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Difu yenye uwiano wa 4.1 inataka shafti izunguke kama mara 37 katika sekunde hiyohiyo. Tairi lenye kasoro hutikisa usukani kwa mapigo unayoweza karibu kuyahesabu. Shafti haitikisi, inavuma, na inavumia makalioni. Nikaifanya balansi hata hivyo, kwa sababu ya amani ya ukoo.

Fundi wangu hana haraka ya kutaja ugonjwa. Gereji yake iko chini ya mwembe, na kitanda chake cha kulalia chini ya gari ni kipande cha boksi la friji. Aliifungua shafti, akagonga vikombe vya krosi, kile kiungo cha ncha ya shafti, kwa nyundo ndogo, kimoja kikatoka na sindano zake. Zilipaswa kutoka na grisi. Zilitoka na unga mkavu wa rangi ya kutu, na mkono wa krosi ulikuwa na mistari, kila sindano imejichimbia kaburi lake. Akapitisha ukucha juu ya ile mistari, krr, krr, kisha akaninyooshea nami nipitishe wangu, nikapitisha. Akanionyesha na jambo jingine: kwa vile difu ilikuwa imesogea mbali na chesisi, shafti ilikuwa imevutika hadi meno yake yameshikana kwa ncha tu. Shimo moja zaidi pale Kinole na ningeiacha barabarani.

"Bosi," alisema, "pembe ni kali."

Ilikuwa kali kweli. Shafti ya nyuma ya mkonga mfupi ina urefu wa kama sentimita 80. Ukiiongezea kimo cha sentimita 10 mwisho mmoja, umeiongezea mlalo wa nyuzi 7 hivi. Pikapu ndefu yenye shafti ya mita moja na nusu, kwa kunyanyuliwa kulekule, ingeongeza zisizofika 4. Wafupi ndio tunaoumia. Na hangeri ndefu za springi nilizofungiwa nyuma zilikuwa zimeilaza springi, difu ikainua pua.

Tukapima kwa simu, maana simu siku hizi ina programu ya kupimia mlalo. Fundi aliiegemeza kwenye flenji, ikasoma, na hapo mama mkwe akapiga. Simu ikatetemeka, ikateleza, ikaangukia kwenye beseni la oili chafu huku ikiendelea kuita. Fundi akaiokota na kuipokea kwa kidole kimoja safi. "Shikamoo mama... Hapana mama, mkweo yupo, ila mimi niko chini, napima pua." Ukimya. "Ya difu, mama." Hadi leo mama mkwe akinisalimia huniuliza hali ya pua.

Vipimo vyenyewe: transfa, inakoanzia shafti, imelala sawa, shafti inashuka nyuzi 15, pua ya difu imeinuka nyuzi 6. Kwa hiyo krosi ya juu inakunjwa nyuzi 15, ya chini 9. Hapo ndipo mimi na fundi tulipotofautiana. Yeye, kwa jicho lake la miaka mingi, alitaka pua iinuke zaidi itazame inakotoka shafti. "Kitu kilichopinda kinanyooshwa, bosi."

Kwa macho yuko sahihi, na ukiona gari limeinamiwa na watu watano gereji, wote watakuwa upande wake. Ila krosi ina tabia iliyojulikana zamani sana. Magari yenyewe hayajazaliwa, Mwingereza Robert Hooke alikwisha kuieleza katika kitabu chake cha 1676 kuhusu vyombo vya kutazamia jua. Ukiikunja, upande unaoingiza nguvu unaweza kuzunguka kwa mwendo ulio sawa kabisa, lakini upande unaotoa huharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko. Kwa nyuzi 15, ni zaidi ya asilimia 3 kwenda juu na kurudi chini, mara 74 kwa sekunde ukiwa spidi 80. Ndiyo maana shafti ikapewa krosi mbili: kosa la ya juu linafutwa na la ya chini, mradi zikunjwe kwa nyuzi zilezile. Kupinda hakukatazwi, ila zipinde sawa. Pua ya kutazama shafti ni ya shafti zenye krosi pacha juu, na yangu haikuwa nayo.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono. "Sawa. Hooke ndiye anayelipa?"

Tukapatana. Kwanza tukaishusha transfa kwa vipande vya bomba kwenye mwamba wake, ikainamia nyuma nyuzi 3 na mlalo wa shafti ukabaki 13. Juu zikawa 10, chini 7. (Ndiyo, nimelipia kunyanyua gari, kisha nikalipia kushusha tumbo lake. Naomba tusilizungumzie.) Zikabaki nyuzi 3 za kuipa difu iinamishe pua, na kazi hiyo ni ya kabari: bapa la chuma lililochongwa nene upande mmoja, jembamba mwingine, linalokaa kati ya springi na ekseli. Mzee mmoja wa kukereza alituchongea mbili safi, na tundu la kichwa cha bolti ya kati.

Dogo wa gereji akazifunga. Jaribio la kwanza, gari lilivuma hata spidi 50. Fundi akaingia chini, akakaa kimya muda, kisha nikasikia, "Dogo, njoo. Hili tako la kabari linatazama wapi?" Zilikuwa zimegeuzwa. Pua imepanda nyuzi 3 badala ya kushuka, chini zimebaki 4 dhidi ya 10 za juu. Zikageuzwa. Likavuma tena, kwa sauti mpya, kwani dogo alipoivuta shafti kuitia grisi aliirudisha meno mawili pembeni, na uma za ncha mbili hazikukaa mstari mmoja. Alama za mshale za kiwandani zilikuwepo, chini ya tope la Kinole.

Siku iliyofuata tulikwenda hadi Mikese. 75. 80. Kimya. Mke wangu alimaliza macho yote mawili, akatoa na rangi ya mdomo.

Usukani sasa ndio uliokuwa ukitangatanga, maana kunyanyua kulikuwa kumeila ile pembe ya ekseli ya mbele inayourudisha wenyewe. Dawa yake ni kabari tena. Lakini kabari inayolaza ekseli ya mbele huiinamisha pua ya difu ya mbele, na krosi za huko zinakunjwa vibaya kuliko nilizotoka kuzitibu. Nilimweleza fundi kwa uchungu, na mchoro.

Aliuangalia mchoro, akaniangalia. "Habu za mbele ukizifungua, shafti ya mbele inazunguka?"

"Haizunguki."

"Unazifunga lini?"

"Kwenye matope."

"Na nani anakwenda themanini kwenye matope, bosi?"