"Sasa Hivi" ya Pioneer: Mwongozo kwa Mgeni

Mgeni wetu uliyehamia juzi mtaa wa Pioneer, hapa Eldoret, Kiswahili chako cha shuleni kinakutosha kununua sukuma wiki na kubembeleza mwenye nyumba. Kitakachokuponza ni vielezi.

Shuleni ulifundishwa kwamba "sasa hivi" ina haraka kuliko "sasa". Hapa mambo ni kinyume. Fundi wa mabomba akisema "nakuja sasa", huenda ameshashika mkoba wa vifaa. Akisema "nakuja sasa hivi", yuko Langas kwa mteja mwingine, naye huyo aliahidiwa "sasa hivi" tangu jana. "Saa hii", ambayo vijana huitamka "sahii", ni ya watu wa bodaboda, na ndiyo pekee ninayoiamini, maana husemwa injini ikinguruma. Eldoret ilipopewa hati ya kuwa jiji, tarehe 15 Agosti 2024, nilidhani "sasa hivi" nayo ingefupishwa. Wapi!

Makanga akikuapia kwamba matatu inaondoka mara moja, usimwite mwongo. Itaondoka mara moja tu, ikijaa. Wala usiichanganye na "mara moja moja", ambayo ndiyo ratiba ya maji kwenye ploti nyingi.

Ukija kwenye umbali, ogopa "tu". "Hapo" ni mahali unapopaona. "Hapo tu" hupaoni. "Hapo mbele tu", beba maji ya kunywa. Na kabla hujafuata maelekezo, mtazame miguu anayekuelekeza, kwa sababu hii ni Uasin Gishu. Eliud Kipchoge, yule aliyemaliza kilomita 42 na ushei kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alijinolea Kaptagat, si mbali na hapa (nami naona nimeshaanza kusema kama wenyeji), na mbio zake ndefu za Alhamisi zilikuwa za kilomita 30 au 40. Barabara zetu alfajiri zimejaa vijana wanaomfuata nyayo. Kwa kijana wa aina hiyo, Kapsabet ni hapo tu. Afadhali umuulize mama aliyebeba debe la maziwa. Yeye hakupunguzii umbali hata hatua moja. Shikamoo kwanza, lakini.

Imebaki "bado". Ikiwa peke yake ni neno la mkweli: kazi inaendelea, haijaisha. "Bado kidogo" maana yake haijaanza. Mafundi cherehani wa mtaani wanayo kali zaidi, "karibu", na hiyo inataka macho, si masikio. Ukiulizia suti yako ya harusi, naye akajibu "karibu" bila kuinua kichwa, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, rudi jioni. Akijibu "karibu, karibu sana" huku anakufutia kiti vumbi, kitambaa hakijakatwa.