Mwongozo wa Kuchagua Mashine ya Michezo kwa Mtu wa Masisi na Walikale

Kabla hujanunua mashine ya michezo, toka nje uangalie paa la nyumba yako. Ukiona waya wa umeme unaingia ndani, na waya huo una umeme leo, na jana pia ulikuwa nao, basi mwongozo huu haukuhusu, mpe jirani. Sisi wengine wa Rubaya, Nyabiondo, Kashebere, Ndjingala na Mubi tubaki hapa tusemezane, maana tumechoka kupewa ushauri na watu ambao hawajawahi kulala gizani wiki nzima.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwetu, mashine ndogo inayoingia mfukoni inaishinda mashine kubwa ya sebuleni. Simwambii mtu avumilie hicho kidogo mpaka mambo yatengemae. Hata ukinipa fedha za kununua yoyote niitakayo, nitachukua ndogo.

Anza na safari. Tuseme yaya wako aliye Brussels amepata bonasi mwezi wa kumi na mbili na, kwa upendo wake wote, amekutumia PlayStation 5. Mwambie aksanti, maana ametoa jasho lake. Kisha iweke kwenye mzani. Ile ya kwanza, iliyotoka Novemba 2020, ina kilo nne na nusu na urefu wa karibu sentimita 40, na bado hujaihesabu televisheni. Ikifika Goma, kazi ndiyo imeanza: uipandishe mpaka Sake, upite Mushaki, ufike Masisi-centre, na kama kwenu ni Walikale, uendelee Nyabiondo mpaka milima iishe na msitu uanze. Motari akiliona sanduku atakutoza nauli ya abiria wa pili, na ana haki, kwa sababu kiti cha abiria wa pili kimekaliwa. Ukingoja lori la Fuso, omba mvua isinyeshe. Kwenye kila kizuizi sanduku litafunguliwa, na kila atakayelifungua atataka kuelezwa ni kitu gani na kina thamani gani. Simu iliyo mfukoni hupita huku watu wakisalimiana.

Ukishafika nyumbani, chukua kalamu tupige hesabu. PlayStation 5 ikiendesha mchezo mzito hula kama wati 200. Televisheni ya kawaida, tuseme wati 50. Saa moja ya kucheza ni wati-saa 250. Betri ya simu ya kawaida ya siku hizi, ile ya 5000 mAh, hubeba kama wati-saa 19. Kwa umeme wa saa moja ya mashine kubwa ungejaza simu kumi na tatu, na kila moja ingechezwa saa kadhaa. Sasa angalia unautoa wapi umeme huo. Paneli ya jua ya wati 50, siku jua likiwaka vizuri, hukupa karibu wati-saa 200, na sisi wa Masisi tunaujua ukungu wetu. Yaani jua la kutwa nzima halitoshi saa moja ya mchezo. Jenereta ndogo itaweza, lakini hunywa kama nusu lita ya petroli kwa saa, na petroli ya Walikale imesafiri kuliko wewe.

Nenda basi pale watu wanapochajia simu uone umeme unavyoheshimiwa. Paneli iko juu ya mabati, betri ya gari iko chini ya meza, na juu ya meza kuna ubao uliogongomelewa soketi mstari kwa mstari. Kila simu imebandikwa kipande cha plasta chenye namba, na mwenye simu anashika kikaratasi chenye namba hiyohiyo. Saa tisa mchana mvulana anakuja na kikaratasi chake.

“Yaya, ya kwangu imejaa?”

“Bado, mdogo wangu. Wingu limefunika. Ngojea.”

Anangoja. Akiipata ikiwa nusu anaichukua hivyohivyo, kwa sababu nusu inatosha mechi kadhaa kabla ya giza, na wenzake wawili wamekaa kwenye gogo wanasubiri zamu. Mpelekee mwenye meza ile PlayStation 5 umwombe soketi, atakutazama usoni ajue kama una homa.

Watu wa mijini hudhani uamuzi huu ni wa umaskini. Hapo ndipo ninapowapinga kabisa, na shahidi wangu ni Mjapani aitwaye Gunpei Yokoi. Alikuwa fundi wa Nintendo. Inasimuliwa kwamba alimwona mfanyakazi mmoja kwenye treni akiua muda kwa kubonyeza kikokotoo, na wazo likamjia. Mwaka 1980 zikatoka Game & Watch, na mwaka 1989 ikatoka Game Boy. Yokoi alichagua kwa makusudi vifaa vilivyokwisha kuzoeleka, vya bei nafuu, visivyokula umeme. Kioo chake kilikuwa na rangi ya majani makavu na hakikuwa na taa. Washindani wakamcheka. Sega wakaleta Game Gear yenye rangi zote na taa ndani, mashine iliyoonekana yenye nguvu kuliko ya Yokoi. Ilitumia betri sita na kuzimaliza kwa saa tatu mpaka tano. Game Boy ilitumia nne na kupita saa kumi. Mwisho wa yote, Game Boy pamoja na mdogo wake mwenye rangi ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia karibu milioni 10. Wanunuzi hao walikuwa Tokyo, Paris na New York, wenye umeme ukutani usiku na mchana. Hata wao walichagua mashine isiyozimika njiani. Na Game Boy moja iliyoungua katika vita vya Ghuba, plastiki yake imekunjamana kwa moto, iliwekwa kwa miaka mingi katika duka la Nintendo mjini New York ikiwa bado inawaka.

Sasa tuingie kwenye jambo linalonigusa kuliko yote, na ambalo kila mnunuzi wa Kivu anapaswa kulijua kabla hajatoa fedha. Udogo wa mashine hizi umechimbwa kwetu.

Ndani ya simu kuna vipande viitwavyo kapasita, vinavyotunza chaji kidogo na kuutuliza umeme usirukeruke. Mashine ya sebuleni ina nafasi ya kutosha; inaweza kutumia kapasita nene za alumini. Kitu cha mfukoni hakina nafasi hiyo. Mara nyingi hutumia tantali, metali inayoweza kushika chaji nyingi ndani ya kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na tantali hutoka kwenye koltan. Vilima vya Rubaya peke yake vinakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltan ya dunia. Na vipande vyote hivyo vimeshikizwa kwenye ubao wao kwa lehemu. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vifaa vya elektroniki, lehemu hiyo ni karibu bati tupu, na bati hutoka kwenye kasiterite, jiwe la Bisie kwetu Walikale. Mwaka 2024 mgodi wa kampuni ya Alphamin huko Bisie ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Kabla barabara haijafika, wapagazi walilitoa jiwe hilo msituni kwa mgongo, magunia ya kilo 50, zaidi ya kilomita 40 za matope mpaka Ndjingala. Kisha ndege zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo na kulipeleka Goma.

Wazee wa Masisi wanakumbuka mwaka 2000. PlayStation 2 ilitoka Japani mwezi Machi, simu za mkononi zilikuwa zinaenea kila bara, na viwanda vikaanza kugombania tantali. Mwisho wa mwaka bei ilikuwa imeruka mara kadhaa. Watu waliacha maharagwe shambani wakapanda vilimani na chepeo. Waasi wa RCD, waliokuwa wakitawala Goma wakati ule, wakaunda kampuni ya SOMIGL mwezi Novemba ili koltan yote ipite mlango mmoja, mlango wao. Mwaka 2001 bei ikaporomoka, na waliobaki na mashimo ni wale waliochimba. Kwa hiyo mtu asikuone mshamba ukichagua kitu kidogo chenye koltan ndani. Baba yako huenda alikioshea jiwe mtoni.

Kipimo cha mwisho cha kununua si cha dukani. Jiulize: usiku tukiambiwa tuondoke, kitu hiki nitakibeba? Familia za Masisi zimekimbia mara nyingi kuliko zilivyopenda kuhesabu. Rubaya ilitekwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Goma ikafuata Januari 2025. Machi 2025 wapiganaji wao walifika Walikale-centre, na Alphamin ikasimamisha kazi mpaka Aprili. Usiku wa namna hiyo mama anashika mtoto na sufuria, papa anashika godoro na mbuzi. Mashine ya kilo nne na nusu inabaki, na atakayeikuta si wewe. Simu inakwenda na mwenyewe, na ndani yake kuna namba za ndugu, picha za nyumba, na mchezo ambao mtoto ataucheza chini ya hema siku mbili baadaye. Nimeona watoto wakicheza hivyo, vichwa vinne juu ya kioo kimoja, na sitakubali mtu aniambie kwamba kicheko kile kina kasoro kwa sababu majani ya uwanja hayakuchorwa vizuri.

Haya, tununue. Kama mfuko ni mwepesi, chukua simu ya Android yenye betri kubwa na nafasi ya memori kadi. Usianze na rangi wala jina, anza na betri. Weka humo PPSSPP, programu ya bure inayoendesha michezo ya PSP, ile PlayStation ya mkononi, ndani ya simu, halafu utafute mpira. Chagua mchezo wa mpira unaoweza kuucheza bila mtandao. Hapa nasisitiza: mchezo usiofunguka bila mtandao usiuchukue, hata ukipewa bure. Baadhi ya michezo ya mashine kubwa siku hizi hupita gigabaiti 100, na wewe unanunua mega za kutuma ujumbe. Ya kwako utawekewa na kijana wa kioski kutoka kompyuta yake, au utatumiwa na rafiki simu kwa simu, mkiwa mmekaa kwenye gogo lilelile.

Ukikuta PSP iliyotumika Goma, ikague betri kwanza: hutoka na kubadilishwa, na hilo ni jambo jema, lakini iliyovimba iache. Mwenye uwezo zaidi anunue Nintendo Switch. Ina betri ya wati-saa 16, inajazwa kwa waya wa USB-C kama simu nyingi mpya, kwa hiyo benki ya umeme iliyojazwa mchana itaihudumia usiku. Steam Deck, iliyotoka Februari 2022, ina nguvu zaidi na betri ya wati-saa 40, lakini michezo yake mingi inataka kupakuliwa, kwa hiyo ijaze yote ukiwa mjini kabla hujapanda motari. Chochote ununuacho, nunua pamoja nacho mfuko wa plastiki mzito wenye kufungika. Msitu wa Walikale hupenyeza unyevu kila mahali.

Kwenu ninyi watengenezaji wa michezo, ombi letu ni moja na si gumu. Tupeni michezo inayokaa kwenye memori kadi, inayofunguka bila kuuliza mtandao, na inayoweza kupitishwa simu kwa simu bila akaunti. Bati na tantali mmekwisha kupokea.