Namna ya Kumuua Superman Bila Kryptonite

Hongera, ndugu yangu. Umepata mkopo, umenunua haki za shujaa ambaye kila mtoto ana fulana yake, na sasa unataka gemu litoke kabla ya Krismasi. Keti kidogo. Njia ya kulifelisha imeshachongwa na wakubwa zako.

Anza kwa kumtuma shujaa kazi za ovyo. Mwaka 1999 kampuni ya Kifaransa, Titus, ilitoa gemu la Superman kwa ajili ya Nintendo 64. Mtu anayenyanyua magari kama mifuko ya sokoni alitakiwa apite katikati ya pete zilizotundikwa hewani, moja baada ya nyingine, huku saa ikimkimbiza. Jiji la Metropolis lilizama katika ukungu wa kijani unaoficha majengo ya mbali, na wachezaji wakaambiwa ule ni ukungu wa kryptonite, jiwe linalomdhoofisha shujaa huyo. Shika hilo: kasoro ukiipa jina, inageuka hadithi. Na kwa nini jiji lenyewe halina watu? Sema tumo ndani ya ulimwengu bandia wa adui yake, Lex Luthor, mambo yaishe.

Ila usidhani kazi ya ovyo pekee inatosha kukuangusha. Mwaka 2004 Treyarch, katika Spider-Man 2, walimfanya shujaa wao apeleke piza. Piza, tena mbio mbio! Watu wakaipeleka, wakarudi kuomba nyingine. Kilichowaponza Treyarch ni utando. Katika gemu la Spider-Man la mwaka 2000 utando ulinata mbinguni huko, hujui umeshika nini. Safari hii ulinata kwenye ghorofa lenyewe. Ukiachia mapema unarushwa mbele, ukichelewa unapaa juu, na ukifika Central Park maghorofa yanaisha na raha inapungua. Vidole vikalijua jiji la New York kabla akili haijalijua. Piza ilikuwa kisingizio tu cha kubembea. Kwa hiyo wewe hakikisha safari ya kutoka hapa hadi pale ni adhabu. Hayo mengine yatajiharibu yenyewe.

Sasa tuje kwenye nguvu. Superman hafi, basi ule mstari wa uhai pale juu ya kioo unapima nini? Mwaka 2006 kampuni ya EA, katika Superman Returns, ilijibu kwa namna inayotia wasiwasi: uhai unaopungua ni wa jiji, si wake. Yeye haumii, lakini kila jengo linaloungua linamhesabikia. Wazo kama hilo lingeweza kukuponza ukafaulu. Wenzetu walijinasua: filamu ilitoka Juni, gemu likafuata Novemba, na adui wa mwisho wakamweka kimbunga. Ndiyo, upepo.

Hatari kubwa zaidi ni ile ya Rocksteady wa London mwaka 2009, na Arkham Asylum yao. Usiku mmoja, kisiwa kimoja, Batman mmoja ambaye risasi chache zinammaliza. Hana budi kujibanza juu ya sanamu za mawe karibu na dari, amnyakue jambazi mmoja, amning'inize, kisha asubiri. Wale wengine wanaanza kufyatulia vivuli, na chombo kilicho ndani ya kinyago chake kinakuonyesha mapigo ya mioyo yao yakipanda. Mimi nilijikuta nikiwaonea huruma majambazi. Ukiona timu yako inaanza kuulizana shujaa huyu anaogopwa kwa nini, wape likizo.

Au wape bunduki. Rocksteady hao hao walirudi Februari 2024 na Suicide Squad: Kill the Justice League. Humo wahusika wote wanne wanafyatua risasi, hata King Shark, papa mwenye miguu, mwenye meno ya kumaliza ubishi wowote. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini si ndiyo unayoitafuta? Batman aliyekuwa akitisha gizani wakamkalisha kwenye benchi, na Harley Quinn, mmoja wa hao wanne, akampiga risasi. Sauti ya Batman huyo ilikuwa ya Kevin Conroy, aliyefariki Novemba 2022. Hapo sina mzaha. Wamiliki wa Rocksteady, Warner Bros. Discovery, waliandika dola milioni 200 za gemu hilo kwenye upande wa hasara.

Hatimaye, fungua duka. Marvel's Avengers, iliyotolewa na Square Enix mwaka 2020, ilimpa Hulk vifaa vya kuokota na kulinganisha namba zake, vifaa ambavyo ukimvika havionekani mwilini. Mavazi yanayoonekana yalikuwa dukani, lete pesa. Baada ya hapo alipelekwa kupiga roboti zile zile katika kumbi zile zile, siku nenda siku rudi.

Siku ya kufunga nayo ina adabu zake. Machi 2023 mavazi yote ya duka hilo yaligawiwa bure, na ilipofika Septemba 30 gemu likaondolewa sokoni. Hulk alibaki na kabati limejaa.