Sifa za Kikombe Kilichoharibika

Watu wamesifu asali, maziwa mgando, hata ugoro. Hakuna aliyesimama hadharani kukisifu kikombe cha espreso kilichoharibika. Basi nasimama mimi, maana nimevitengeneza vingi kuliko mtu yeyote ninayemjua kati ya Mbulu na Katesh.

Kwanza nasaba yake, kwani si cha ukoo mdogo. Angelo Moriondo alisajili hataza ya mashine yake ya mvuke kule Turin mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akafuata mwaka 1901. Mvuke ule uliiunguza kahawa, na Waitalia wakainywa hivyo hivyo miaka mingi, mpaka Achille Gaggia alipoleta mashine ya wenzo baada ya Vita Kuu ya Pili na kuwaonyesha lile povu la rangi ya asali. Kwa umri, basi, uchungu ndio mkubwa. Povu ndilo linalopaswa kuuamkia.

Mimi na kikombe hiki tulikutana Arusha, kwenye darasa la wanaoanza, ambako nilifika na vumbi la barabara ya Karatu likiwa bado kwenye kope. Mwalimu akatutajia masharti: unga gramu 18, kahawa gramu 36, sekunde 25 hadi 30, presha bar 9. Tukaitikia kwa uzito, kama wazee waliotajiwa mahari. Zamu yangu ilipofika, kahawa ilitoka kwa kasi ya bomba la kijiji siku maji yanaporudi, ikamaliza kwa sekunde tisa. Ilikuwa chachu kama ukwaju. Nikasaga laini zaidi. Mashine ikanguruma karibu dakika nzima, kisha yakaanza matone meusi, moja moja, kama mtu anayelipa deni asilolikubali. Hiyo ilikuwa chungu hadi masikioni.

Hapo ndipo nilipoanza kukiheshimu. Kikombe kizuri hakisemi kitu: unakinywa, unajisifu, unaondoka mjinga vilevile. Kibovu kinakueleza makosa yako bila kukuonea haya. Kikiwa kichachu, unga ulikuwa mkubwa na maji yamepita mbio. Kikiwa kichungu, unga ulikuwa laini mno na maji yamekawia. Kikiwa na vyote viwili, basi hukushindilia sawasawa, na maji yamejitafutia ufa.

Tena hakipokei visingizio. Nilipoanza kujifunza nyumbani kwa mashine ndogo ya mkono, nilitaka kuyalaumu maji. Lakini mwalimu alisema maji yawe kati ya nyuzi 90 na 96, na huku kwetu juu Mbulu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mtu wa Dar es Salaam lazima asubiri birika lipoe. Mimi mlima umenisubiria. Kilichobaki ni mikono yangu tu.

(Niseme pia kwamba muuza kahawa wa kijiweni huacha dele juu ya makaa tangu alfajiri, na kahawa inazidi uchungu kila saa. Wateja wanaisindikiza kwa kashata na kuomba kikombe kingine. Darasani tulilipia ili tujifunze kuukimbia uchungu ambao yeye anausomeshea watoto.)

Fadhila zake nyingine ni za nyumbani. Machicha yake yanakwenda kwenye tuta la vitunguu saumu, na vitunguu havijawahi kulalamika. Sukari haipungui, kwa sababu hakuna anayeomba cha pili. Wageni hawakai mpaka usiku.

Mwezi uliopita shemeji yangu alikuja kutoka Hanang, mtu wa ng'ombe hasa. Nikamkaribisha kwa mikono miwili. Akanywa kidogo, akakitazama kikombe kwa muda, akauliza kwa adabu, "Shemeji, hii ni ya kunywa au ya josho?"

Mke wangu akaleta chai ya maziwa, yenye tangawizi. Shemeji akanywa vikombe viwili mfululizo, mazungumzo yakahamia kwenye malisho. Kile kidogo kikabaki pembeni mpaka kikapoa. Nilikimalizia mwenyewe wakati wao wanatazama ndama uani. Kilikuwa kichungu na kichachu kwa pamoja. Upande wa kushoto sikushindilia vizuri.