Nyumba Isafishwe, Kitu Kisitupwe: Mwongozo wa Usafi wa Idi

Ulaya, ambako baridi hufungisha watu madirisha kwa miezi, nyumba husafishwa majira ya kuchipua yakiingia. Wairani nao huikung'uta nyumba nzima kabla ya Nowruz, mwezi Machi. Wote hao wana raha moja: tarehe yao haiwakimbii. Sisi huku Dar es Salaam usafi mkubwa tunaufanyia Idi, na Idi inafuata mwandamo, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2024 Idi el Fitri iliangukia 10 Aprili, masika yamekolea, na aliyetoa godoro nje kulianika alijikuta amelifua.

Mwongozo huu basi ni wa nyumba ya kawaida ya Dar: vyumba vitatu, sebule, choo, na shangazi anayetarajiwa kutoka Tanga.

Jambo la kwanza ni kuchelewa. Ramadhani ina siku 29 au 30, na hakuna anayejua mpaka usiku wenyewe ufike. Mwenye nyumba makini huacha kila kitu mpaka siku ya 29, mchana wa jua kali, koo limekauka kwa saumu, kisha hukaa akiomba mwezi usionekane. Usafi wa mapema hauna faida yoyote. Watoto watauvuruga kabla hajafika wa kuuona.

Pili, agizo litolewe na baba. Tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaagiza nchi nzima ifanye usafi, na yeye mwenyewe akaonekana akizoa takataka eneo la Feri. Akina baba wengi walijifunza kitu siku ile, ila walikishika nusu: kuagiza. Kwa hiyo baada ya tarawehe baba asimame katikati ya sebule, atoe tamko, aokote karatasi moja mbele ya mashahidi, kisha akumbuke kwamba kuna mtu anamsubiri Kariakoo. Popote mwongozo huu unaposema "wewe", elewa kwamba huyo mtu amejifunga kibwebwe na hajapata nafasi ya kuusoma.

Sasa, kabla hujashika fagio, chora kichwani njia ya mgeni. Mgeni anavua viatu mlangoni, anaingia sebuleni, anakaa kwenye kochi kubwa, anakula, ananawa, pengine anapitia chooni, anaaga. Kila kitu kilicho kwenye njia hiyo kinahesabika kuwa nyumba. Vilivyobaki ni stoo, hata kama kuna watu wanalala humo.

Sebule ndiyo inayostahili nguvu zako zote. Pazia zishushwe na kulowekwa, na vishikizo vyake viwekwe mahali salama ambapo havitaonekana tena. Vitambaa vya makochi vifuliwe vyeupe, vipigwe pasi, vitandazwe, halafu watoto watangaziwe kwamba kochi si la kukalia. Kisha fungua kabati la vyombo, lile la vioo. Toa seti nzima ya sahani za wageni, glasi za miguu mirefu na birika la kahawa ambalo halijawahi kuona kahawa. Osha, suuza, futa, rudisha, funga kwa ufunguo. Wageni watakula kwenye sahani za melamini kama kawaida. Hizi nyingine zimeoshwa mara nyingi kuliko zilivyotumika, na ukizitazama vizuri, maua yake yamefutika kwa sabuni tupu.

Wataalamu wanasema usafi huanzia juu kwenda chini: dari, feni, kuta, kisha sakafu, kwa sababu vumbi huanguka. Sisi tunao utaratibu wetu. Tunapiga deki kwanza, sakafu inang'aa, tunapumua. Ndipo mtu mmoja anapoinua macho na kuiona feni, ambayo kila panga lake limevaa vumbi zito. Anaifuta. Kisha anaona matandabui kwenye pembe. Anafunga fagio la chelewa kwenye mti mrefu, anayakwangua. Sasa vyote viko chini, kwenye sakafu mbichi, na deki ya pili ndiyo deki yenyewe.

Tunakuja kwenye kiini cha elimu hii, yaani kuhamisha. Sheria kuu ya nyumba zetu ni kwamba kitu hakitupwi, kinasogezwa. Kilichokuwa nyuma ya mlango kinaingia uvunguni, cha uvunguni kinapanda juu ya kabati, cha juu ya kabati kinakwenda stoo, na cha stoo, kwa kuwa stoo imejaa, kinarudi nyuma ya mlango. Hapo mzunguko umetimia na kila mtu amechoka kihalali. Rimoti ya televisheni iliyouzwa. Chaja kumi na mbili, zote za simu zilizokufa. Miguu mitatu ya stuli. Ndoo ya rangi iliyoganda, ambayo ukigusa tu utasikia sauti kutoka jikoni:

"Hiyo iache! Itatumika."

"Itatumika lini, mama?"

"Wewe iache."

Na mfuko wa mifuko, je? Kila nyumba inao, umening'inizwa kwenye msumari jikoni. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar walitangulia zamani. Lakini rambo zilizokuwa ndani ya ule mfuko hazikuambiwa, zimo mpaka leo, zimekunjwa pembetatu kwa adabu zote. Hizo usiziguse. Siku yake itafika.

Magodoro yanaanikwa ili majirani wayaone. Kunguni mwenyewe hana wasiwasi na jua lako la uani. Upande wa juu ukipata moto yeye anahamia wa chini, na akikosa damu anaweza kuvumilia miezi, kwa hiyo hata safari yako ya kwenda kijijini haimtishi. Kama kweli unamtaka huyo, fua shuka na foronya kwa maji ya moto, na maungio ya kitanda na chaga yamwagie maji yanayochemka, maana humo ndimo anamotaga. Lakini kazi hiyo hufanyika chumbani, na chumba hakimo katika njia ya mgeni. Endelea kuanika.

Jikoni pita haraka. Sufuria zenye masizi zisugue kwa majivu ya kuni na makumbi ya nazi, kama bibi alivyofanya. Bibi hakuwa akibana matumizi tu: majivu yakikutana na mafuta hugeuka kuwa namna ya sabuni. Sinia la shaba lipake ndimu na chumvi, litang'aa mpaka ujione usivyolala. Nyuma ya jiko usiangalie.

Chooni sina utani. Katika haraka ya kumaliza, kuna anayemimina jiki, kisha akaona haitoshi akaongeza na ile dawa ya choo yenye asidi, mlango umefungwa. Vikikutana vitu hivyo hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyofunguliwa na jeshi la Ujerumani dhidi ya adui zake huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Tumia kimoja, suuza kwa maji mengi, acha dirisha wazi. Ukisikia koo linakuwasha, toka nje, uchafu utakusubiri.

Mkesha wa Idi umefika. Sebule inanukia udi, sakafu inateleza, na kila kisichopendeza kimo chumbani, mlango umesukumwa kwa bega mpaka ukafunga. Shangazi anaingia asubuhi, anasifu pazia, anakula pilau, anakunywa chai. Adhuhuri inaadhiniwa.

"Mwanangu, nipe msala na pahala pa kuswali."

"Shangazi, hapa hapa sebuleni, pana nafasi."

"Hapa, watoto wanapita mbele yangu na soda? Nipeleke chumbani."

Usithubutu kumwambia kwamba kibla hakielekei chumbani. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Dar es Salaam, kutoka chumba chochote, na shangazi anajua hilo tangu hujazaliwa. Mwongozo unashauri hivi: tangulia wewe, fungua mlango taratibu, mkono mmoja ukizuia rundo lisianguke. Msala umo katikati ya rundo. Uvute bila kuchomoa kingine. Mwachie nafasi ya kusujudu, toka, omba dua.

Atakawia. Akitoka atakuwa ameshika hotipoti lake jekundu, lile alilokuazima kwa harusi ya binti yako na ambalo umemwapia mara kadhaa kwamba ulilirudisha.

Usijitetee. Nenda jikoni kwenye ule mfuko wa mifuko, chagua rambo iliyo nzima, mtilie hotipoti lake vizuri, na umshauri asishuke nalo stendi mchana.